Thomas Odhiambo na ardhi yetu iliyochoka

Wahenga walisema kuwa mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Lau wangaliishi hadi leo na kuzuru mashamba ya Migori na Homa Bay, huenda wangaliongeza kwamba hata huyo mkulima mmoja sasa hula kwa kubahatisha. Mahindi hupandwa msimu baada ya msimu katika kipande kile kile cha ardhi, ambacho baba aliwagawia wanawe watano nao wakawagawia wana wao. Hakuna tena nafasi ya kuipumzisha ardhi kama walivyofanya mababu. Kila mwaka jembe linazama pale pale, na kila mwaka magunia yanapungua. Ardhi imechoka, na mwenye kuilima amechoka pamoja nayo.

Jambo hili si geni kwa msomaji. Kila anayeomba kura hulitaja, na dawa anayoiahidi aghalabu ni moja tu: mbolea ya dukani. Sina ugomvi na mbolea hiyo. Lakini tulijionea wenyewe mwaka 2022, gunia la kilo 50 lilipopita shilingi 6,000, ni wangapi waliopanda bila kutia hata kijiko kimoja. Serikali ilipoingilia kati, bei ya ruzuku ikawa shilingi 3,500 mwaka huo huo, kisha shilingi 2,500 mwaka 2023, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo, shamba linaloishi kwa kungojea tangazo la ruzuku ni shamba ambalo hatima yake imo mikononi mwa mtu mwingine. Swali ambalo halina budi kuulizwa ni hili: je, hakuna njia ya kuirudishia ardhi nguvu yake ambayo mkulima maskini anaweza kuimiliki mwenyewe?

Njia ipo, na sehemu kubwa yake ilichunguzwa na kukamilishwa papa hapa petu, Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Kituo ilikochunguzwa kinaitwa kwa jina la mtu ambaye wengi wetu tumelisikia jina lake bila kujua alifanya nini. Leo ningependa nisimulie maisha ya mtu huyo, Profesa Thomas Risley Odhiambo. Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si mtaalamu wa kilimo, na huenda msomaji akashangaa mwanaisimu anatafuta nini shambani. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nimezaliwa na kulelewa Rongo, na hakuna mtoto wa Rongo asiyelijua jembe. Ya pili ni kwamba maisha ya Odhiambo yana funzo kubwa kuhusu maarifa na lugha, nami nitalifikia funzo hilo kabla ya kuiweka kalamu chini.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Jina lake, kama wajuavyo wasemaji wa Kijaluo, hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa jua linapoelekea kutua. Alizaliwa katika koloni ambamo Mwafrika alitarajiwa kuwa karani, mwalimu wa shule ya msingi, au mtumishi wa nyumbani. Kwamba Mwafrika angeweza kuwa mwanasayansi, tena mwanasayansi wa kuunda elimu mpya badala ya kuisambaza elimu ya wengine, lilikuwa wazo ambalo watawala hawakulipa nafasi, na hata watawaliwa wengi hawakuthubutu kuliota.

Alisoma Maseno, shule ambayo ililea viongozi wengi wa nchi hii. Kutoka huko alivuka mpaka akaenda Chuo cha Makerere, Uganda, ambacho wakati huo kilikuwa ndicho kilele cha elimu katika Afrika Mashariki nzima. Baada ya masomo aliajiriwa katika idara ya kilimo nchini Uganda, akishughulikia wadudu waharibifu wa mimea. Kazi hiyo ilimtoa darasani ikamtia mashambani. Huko aliona kwamba adui wa mkulima wa Kiafrika mara nyingi ni kiumbe kidogo kuliko ukucha, na kwamba kiumbe huyo alikuwa hajachunguzwa vya kutosha. Odhiambo alianza kuchunguza na kuainisha jamii mbalimbali za wadudu wa Afrika, akaandika makala za kitaalamu ambazo zilimtambulisha kwa wataalamu wa ng'ambo.

Hatimaye alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alisomea chini ya Sir Vincent Wigglesworth, bingwa ambaye ulimwengu wa sayansi unamtambua kuwa mwasisi wa elimu ya jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Odhiambo alimchagua nzige wa jangwani, mdudu ambaye tangu zama za kale amekuwa balaa kwa wakulima wa bara letu, akachunguza jinsi homoni zinavyotawala ukomavu na uzazi wa nzige dume. Alitunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1965.

Hapo ndipo maisha ya wasomi wengi hugawanyika njia panda. Angeweza kubaki Ulaya, penye maabara yenye kila kifaa na mshahara wa kutosha. Odhiambo alirudi Kenya mwaka huo huo wa 1965, akawa mhadhiri katika kile kilichoitwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka miwili tu. Vyeo vilivyokuwa vikigombaniwa siku zile vilikuwa vya siasa na utawala. Yeye alishughulika na wadudu, na huenda wapo waliomwona kuwa mtu wa ajabu.

Mwaka 1967 alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani, mojawapo ya majarida yenye sifa kubwa zaidi duniani, akijadili nafasi ya sayansi katika maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake naweza kuieleza hivi kwa maneno yangu. Nchi changa haiwezi kusambaza mali yake kidogo katika taasisi nyingi dhaifu zisizofika popote. Ni heri ijenge vituo vichache vyenye ubora wa hali ya juu, vinavyochunguza matatizo yanayolisumbua bara letu hasa, na ambavyo vitawavuta wanasayansi bora kutoka kila pembe ya dunia waje kufanya kazi hapa. Badala ya vijana wetu kuukimbilia ujuzi ng'ambo, ujuzi ungekuja kwao.

Makala nyingi za wasomi huishia maktabani. Ya Odhiambo ilizaa kituo. Mwaka 1970, kwa msaada wa wanasayansi mashuhuri na taasisi za sayansi za nchi mbalimbali, ilianzishwa ICIPE, yaani Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Makao ya mwanzo yalikuwa vibanda duni katika eneo la Chiromo, Nairobi. Wanasayansi mabingwa kutoka Ulaya na Marekani walikuja kuongoza utafiti uliofanywa na vijana katika vibanda hivyo. Mwaka huo huo wa 1970 Odhiambo akawa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye kituo kilijenga makao yake makubwa Kasarani, yakaitwa Duduville.

Naomba msomaji aniruhusu nisimame kidogo juu ya jina hilo, maana hapo ndipo pangu. Katika Kiswahili, neno mdudu huingia katika ngeli ile ile ya mtu. Mtu anakuja, mdudu anakuja. Mtu huyu, mdudu huyu. Sarufi yetu haimfanyi mdudu kuwa kitu cha kusukumwa kando. Inamhesabu miongoni mwa viumbe wenye uhai, wenye kutenda na kutendwa. Msimamo wa Odhiambo kuhusu wadudu haukuwa mbali na sarufi hiyo. Wakati ambapo watu wengi waliamini kwamba jawabu la mdudu ni kumnyunyizia sumu mpaka afe, yeye alisisitiza kwamba kwanza tumfahamu: anakula nini, ananusa nini, anazaa vipi, adui yake ni nani. Sumu ni ghali, humuua mdudu rafiki pamoja na mdudu adui, huweza kumdhuru mkulima mwenyewe, na baada ya muda mdudu huizoea. Maarifa, kwa upande mwingine, yakishapatikana hayaishi, na mkulima maskini anaweza kuyatumia sawa na tajiri.

Kwa kuwa alitaka utafiti uwe karibu na mkulima, ICIPE ilijenga kituo cha nyanjani Mbita, mkabala wa kisiwa cha Rusinga. Mahali hapo palifaa. Palikuwa na mahindi na mtama ulioliwa na funza wa mabua. Palikuwa na mifugo. Karibu palikuwa na Bonde la Lambwe, ambalo mbung'o na ugonjwa wa malale vilikuwa vimelifanya liogopwe na vizazi kadhaa. Mwanasayansi aliyekaa Mbita hakuhitaji kusoma vitabuni kuhusu shida za mkulima; alizikuta mlangoni pake.

Odhiambo hakuridhika kujenga kituo kimoja. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa kuwafunza vijana wa Kiafrika shahada za uzamifu katika elimu ya wadudu kwa ushirikiano wa ICIPE na vyuo vikuu vya bara letu, na mpango huo umetoa wataalamu wanaotumikia nchi nyingi. Mwaka 1985 aliongoza kuasisiwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, ambayo makao yake yamekuwa Nairobi, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegal walikuwa watu wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Afrika kwa uongozi katika vita vya kukomesha njaa. Rais wa nchi na mtafiti wa wadudu walisimama jukwaa moja, wakapewa heshima moja. Sidhani kwamba kuna tukio linaloeleza vizuri zaidi cheo alichokuwa amekipatia sayansi ya Afrika.

Aliuacha ukurugenzi wa ICIPE mwaka 1994, na nafasi yake ikachukuliwa na Hans Herren wa Uswisi. Odhiambo alifariki dunia mwezi wa Mei mwaka 2003. Kituo cha Mbita leo kinaitwa Kampasi ya Thomas Odhiambo.

Sasa tuirudie ardhi iliyochoka. Ni lazima niseme wazi, ili historia isipotoshwe, kwamba mbinu ninayotaka kuieleza haikubuniwa na Odhiambo mwenyewe. Ilianza kuchunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikaanza kupelekwa kwa wakulima mwaka 1997, yeye akiwa amekwisha kuondoka. Aliyeongoza kazi hiyo Mbita ni Zeyaur Khan, mwanasayansi mzaliwa wa India, akishirikiana na John Pickett wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Lakini ghala aliijenga Odhiambo. Kwamba Mhindi na Mwingereza walikutana Mbita, na sio London, wakatafuta dawa ya mahindi ya Suba na Karachuonyo pamoja na wakulima wenyewe, ni lile wazo la mwaka 1967 lililoota mizizi.

Mbinu yenyewe huitwa sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi au mtama hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa chini. Kuzunguka shamba hupandwa mistari mitatu ya majani ya nepia, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita matete. Nondo anayezaa funza wa mabua akifika, harufu ya desmodiamu inamfukuza. Harufu ya nepia pembezoni inamwita. Anataga mayai yake huko, na viwavi wanapoanguliwa na kujaribu kulitoboa jani la nepia, utomvu wenye kunata huwanasa, na wengi wao hufa. Mdudu amesukumwa kutoka ndani, akavutwa nje, na mkulima hakununua hata tone la sumu.

Lakini jambo lililowashangaza watafiti lilikuwa jingine. Palipopandwa desmodiamu, kayongo alitoweka. Msomaji wa Migori na Homa Bay hahitaji kuelezwa kayongo ni nini. Kwa wengine, ni lile gugu lenye maua mazuri ya rangi ya zambarau ambalo wataalamu huliita striga, na ambalo Tanzania huitwa kiduha. Uzuri wake ni wa nje tu. Mizizi yake hujishikiza katika mizizi ya mahindi na kuyanyonya, na yanapotokeza juu ya ardhi hayo maua, mahindi yamekwisha kudumaa. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kulala udongoni kwa zaidi ya miaka kumi zikimngoja mwenyeji wa kumnyonya. Wapo waliokuwa wakidhani kwamba shamba la namna hiyo limerogwa, na mtu akitazama mahindi yaliyodumaa katikati ya mvua nzuri, si ajabu kuwaza hivyo.

Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kayongo kisha zikaizuia isijishikize katika mzizi wa mahindi. Imeamka, haina chakula, inafa. Hivyo kila msimu akiba ya mbegu hizo udongoni inapungua badala ya kuongezeka.

Na udongo je? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kayongo hustawi zaidi penye udongo maskini, hasa uliopungukiwa na naitrojeni. Desmodiamu, kama kunde nyingine, ina vijidudu katika vifundo vya mizizi yake vinavyoichukua naitrojeni kutoka hewani na kuitia ardhini. Kwa kuwa mmea huu hauondolewi baada ya mavuno, kazi hiyo huendelea mwaka mzima. Majani yake hufunika udongo, yakahifadhi unyevu na kuzuia mmomonyoko wa mvua kubwa za chwiri. Yale yanayokatwa, pamoja na nepia, hulishwa ng'ombe au mbuzi. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi, na samadi inarudi shambani. Watafiti wa ICIPE wameripoti kwamba mashamba yaliyokuwa yakitoa chini ya tani moja ya mahindi kwa hekta yameweza kutoa kiasi cha tani tatu na nusu. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, ilionekana kwamba mashamba ya sukuma-vuta yalidhurika kidogo kuliko mengine.

Nisije nikadhaniwa kuwa mpiga debe, acha nizitaje na kasoro. Desmodiamu huongeza naitrojeni lakini haiumbi fosforasi, na udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una upungufu wa fosforasi pia. Kwa hiyo samadi, mboji, na hata mbolea kidogo ya dukani bado vina nafasi yake. Vivyo hivyo majani ya alizeti mwitu, yanayojiotea kwenye nyua zetu bila kupandwa na mtu. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Maseno walionyesha kwamba yana virutubisho vingi yakichimbiwa udongoni. Hali kadhalika kupokezanisha mahindi na njugu karanga au maharage. Hakuna njia moja inayotosha peke yake. Zikiunganishwa, zinatosha kubadili maisha ya nyumba.

Kasoro ya pili ni mbegu. Inahitajika kiasi cha kilo moja ya mbegu za desmodiamu kwa ekari, nayo si rahisi kupatikana wala si ya bei ya chini. Ni kweli kwamba mkulima aliyekwisha kupanda anaweza kumkatia jirani yake vipando, na wengi wamefanya hivyo, lakini wa kwanza kijijini ataanzia wapi? Ya tatu ni palizi ya msimu wa kwanza, maana desmodiamu changa inafanana na magugu na inahitaji uangalifu wa mikono. Ya nne ni mifugo. Desturi yetu ya kuwaachilia ng'ombe wazurure mashambani baada ya mavuno ilifaa zamani. Leo usiku mmoja wa ng'ombe wa jirani unaweza kuiangamiza kazi ya miaka miwili. Ya tano, na iliyo nzito zaidi, ni umilikaji wa ardhi. Nepia na desmodiamu ni mimea ya kudumu. Mwanamke mjane ambaye mashemeji zake wanaweza kumwondoa shambani wakati wowote, au kijana aliyekodi nusu ekari kwa msimu mmoja, atawekezaje jasho lake katika udongo ambao kesho ni wa mwingine?

Matatizo haya hayatatuliwi kwa darubini. Yanahitaji serikali za kaunti, wazee wa ukoo, makanisa na vikundi vya akina mama. Tangu mwaka 2013 huduma za kilimo nyanjani zimekuwa mikononi mwa kaunti. Homa Bay ina bahati ambayo kaunti nyingine hazina, ya kuwa na kituo cha utafiti cha hadhi ya kimataifa ndani ya mipaka yake, na Migori ni jirani. Mimi naona mambo matatu yanawezekana bila fedha nyingi. Kwanza, kila wadi iwe na kitalu cha desmodiamu, katika uwanja wa shule au wa kikundi, ili mkulima apate vipando bila kusafiri. Pili, kaunti zitunge sheria ndogo juu ya mifugo inayozurura, kwa makubaliano na wanakijiji wenyewe. Nasema kwa makubaliano kwa sababu historia imetufundisha. Wakati wa ukoloni watu katika sehemu nyingi za Kenya walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri ya machifu. Matuta yalikuwa na faida, lakini amri iliyafanya yachukiwe, na baada ya uhuru mengi yaliachwa yakabomoka. Jambo jema likiingizwa kwa kiboko hutoka na kiboko.

La tatu ndilo lile nililoahidi mwanzoni, nalo ni lugha. Sukuma-vuta imeenea pale ambapo mkulima alifundishwa na mkulima mwenziwe, shambani, kwa lugha ya nyumbani. Mama wa Ndhiwa aliyeona kayongo akitoweka kwa jirani yake hakuhitaji kusoma kijitabu cha Kiingereza. Lakini maarifa mengi yanayozalishwa na vyuo vyetu na vituo vyetu bado yamefungwa katika Kiingereza kigumu ambacho hata sisi wahadhiri hukisoma mara mbili. Utafiti unafanywa juu ya udongo wa Mkuria na Mjaluo na Msuba, kisha matokeo yanapelekwa kwa msomaji wa Ulaya. Mwenye udongo hana habari. Huo ni uporaji wa aina yake, ijapokuwa haukukusudiwa.

Wako watakaosema kwamba lugha zetu hazina maneno ya sayansi. Kama mwanaisimu nawajibu kwamba neno huzaliwa palipo na haja. Kayongo lilikuwa na jina kabla mtaalamu yeyote hajalipa jina la Kilatini. Mkulima anajua udongo mweusi wa mfinyanzi na udongo mwekundu, unaoshika maji na unaoyapitisha, na kila mmoja ana jina lake. Sukuma-vuta yenyewe ni tafsiri ambayo mtoto wa darasa la pili anaielewa kuliko wanafunzi wengi wanavyoielewa istilahi ya Kiingereza wanayokaririshwa. Kazi iliyobaki ni ya kukusanya maneno hayo, kuyasanifisha, na kuyatumia katika vijitabu, katika redio, na shuleni. Idara za lugha katika vyuo vyetu, pamoja na ninayofanyia kazi, zingekuwa na manufaa makubwa zaidi kama wanafunzi wa uzamili wangetumwa Nyatike na Kuria kufanya kazi hiyo, badala ya kurudia kila mwaka mada zile zile za nadharia.

Vilevile ningependa kuona maisha ya Odhiambo yakifundishwa shuleni. Watoto wetu wanawajua wanasiasa na wanariadha, nao wanastahili kujulikana. Lakini mtoto wa Mbita anayepita kila siku karibu na kampasi yenye jina la Odhiambo ana haki ya kujua kwamba Mwafrika mmoja alirudi kutoka Cambridge, akaanzia katika vibanda, na kwa ukaidi wa miaka ishirini na minne akajenga kituo ambacho dunia nzima inakiheshimu. Akijua hivyo, huenda akamtazama funza katika bua la mhindi kwa macho mengine.

Wahenga walituonya kwamba udongo tuuwahi ungali maji. Walikuwa wakiuzungumzia udongo wa mfinyanzi, na kwa udongo huo walimkusudia mtoto. Sisi tunaweza kuichukua methali hiyo kwa maana yake iliyo wazi kabisa. Udongo wa Migori na Homa Bay bado haujafa. Una uwezo wa kurudi, na njia za kuurudisha zinajulikana, ni za bei nafuu, na nyingi zimejaribiwa hatua chache kutoka majumbani mwetu. Mvua za chwiri huanza kuotea mwezi wa Machi. Aliye na kitalu cha vipando kabla ya hapo atakuwa na la kupanda; asiye nacho atangoja tena tangazo la ruzuku.